Elimu ya samaki Reykjavik, kazi Kivukoni

NI saa nne asubuhi, mwezi Desemba, mjini Reykjavik nchini Iceland, na nje bado giza. Jua litachomoza baada ya saa tano na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Darasani, katika jengo linalopashwa joto kwa maji moto ya ardhini, ofisa uvuvi aliyezoea jua la Tanzania anajifunza kusoma umri wa samaki.

Mafunzo hayo ya miezi sita yalianza 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu 2020 yako chini ya UNESCO, kwa jina la GRÓ. Watanzania, wakiwemo watafiti wa TAFIRI, wameyapitia. Mtu huacha familia na ofisi, akavumilia upepo na giza, ambavyo kwa mgeni huumiza kuliko kipimo cha baridi chenyewe.

Umri husomwa kwenye kijiwe kilicho ndani ya sikio la samaki. Samaki mkuu wa Iceland, ambaye kamusi humwita chewa ingawa si chewa wa Bagamoyo, hupunguza kukua wakati wa baridi, na kila mwaka huacha mstari kama gogo la mti. Ukihesabu mistari, umepata miaka yake.

Anayetoka bonde la Kilombero hawezi kuibeba mbinu hiyo kama ilivyo. Perege na kambale hawana baridi kali ya kuwaandikia mistari. Mistari yao ni migumu kusomeka. Badala yake hutumika urefu: samaki wengi hupimwa mwezi hadi mwezi, na kutokana na vipimo hivyo hukadiriwa wanakua haraka kiasi gani na wanavuliwa kwa kiasi gani. Vifaa vyake ni ubao wenye sentimita, mizani, daftari na mtu mwaminifu pale Kivukoni.

Gharama yake si kubwa. Ugumu uko kwenye kuhesabu bila kukatisha. Sehemu kubwa ya muda wa Reykjavik ni mradi wa mshiriki mwenyewe, na mara nyingi hutumia takwimu kutoka kwao. Anayekwenda na daftari tupu atachambua ziwa au bahari ya wengine.

Nchini Iceland samaki hupimwa uzito bandarini, na mgawo wa kila chombo hukatwa humo. Kilombero ni habari nyingine. Bonde hilo, lililoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, lina ukubwa wa karibu kilometa za mraba 8,000. Masika mto hufurika, samaki huingia mbugani kuzaliana, kisha maji hupungua nao hurudi mtoni na kwenye mabwawa. Kambi za wavuvi huyafuata maji. Ofisa mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta hawezi kuzifikia zote. Ajabu ni kwamba Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa tangu 1957, na mbu wake wamehesabiwa kwa uangalifu ambao samaki wake hawajaupata.

Kuna jambo jingine la kibiashara. Iceland hukausha vichwa vya samaki wake kwa joto la ardhini na kuviuza Nigeria, ambako ni kitoweo cha heshima. Kilombero samaki hubanikwa juu ya vichanja kwa kuni. Joto kama lile halipo Kivukoni, lakini tanuri lililofungwa vizuri hupunguza kuni, na samaki aliyekauka sawasawa hachelewi kupata mnunuzi.

Hesabu inahitajika sasa kuliko zamani. Mto Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Bwawa la Julius Nyerere huko chini lilianza kujazwa Desemba 2022. Mashamba ya mpunga na mifugo navyo vinayataka maji na nyasi zilezile. Mvuvi akilaumiwa kwamba kamaliza samaki kwa nyavu za matundu madogo, hana karatasi ya kujitetea, wala anayemlaumu hana ya kuthibitisha.

Ofisa anayerejea kutoka Reykjavik mwanzoni mwa masika atakuta mbuga imejaa maji na samaki wametawanyika. Ubao wake wa kupimia utasubiri maji yapungue.