Ngara na Biharamulo: Wiki ya matembezi kwa wawili, na mkweche unaostahili picha

"Hivi baba watoto, na sisi tutatoka lini?"

Kama swali hili limeshaulizwa nyumbani kwako, na wewe jicho lako haliachi magari ya zamani, habari hii ni yenu wote wawili. Si lazima mwende Zanzibar. Kati ya Juni na Agosti, mvua zikishakata, wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera zinatosha kabisa kwa wiki moja.

Siku ya 1 na ya 2: Ngara na Rusumo

Anzieni Ngara mjini. Mji uko vilimani, asubuhi kuna ubaridi, kwa hiyo msisahau sweta. Siku ya pili shukeni Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka mpakani mwa Tanzania na Rwanda.

Wengi huyapita maporomoko haya wakiwa wamesinzia kwenye basi, kumbe mahali penyewe pana historia nzito. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvukia hapa. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka hapa kuja Ngara ndani ya takribani saa 24, na kambi ya Benaco ikajaa. Leo maji hayohayo yanazalisha umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Angalizo: hapo ni mpakani, na kuna daraja na mitambo ya umeme. Ombeni ruhusa kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Siku ya 3: Kwenye barabara ya malori

Kutoka Rusumo fuateni barabara kuu hadi Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Nyakanazi ni njia panda: ukitaka Kigoma, Kahama au Bukoba, unapitia hapo. Malori ya Rwanda na Burundi hayakatiki. Kaeni mgahawani, agizeni ndizi na maharage, halafu tazameni kinachopita. Mama apumzike, baba ahesabu magari. Kila mtu kapata chake.

Siku ya 4 na ya 5: Boma na hifadhi

Biharamulo mjini kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mji huu uliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Kuta nene bado zimesimama.

Siku inayofuata, kama mfuko unaruhusu, ingieni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Ilitangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Ulizeni kiingilio na gari mapema, maana bodaboda si usafiri wa kuingilia hifadhini.

Siku ya 6: Mtafuteni mwenye mkweche

Hii ndiyo siku ya baba. Ulizeni kwa mafundi gereji, watawaelekeza ni nani bado ana Land Rover au Peugeot ya zamani. Mkifika, salamu kwanza, picha baadaye. Mzee ukimpa shikamoo na muda, atakufungulia boneti mwenyewe.

Mambo matatu ya kujua ili msikae kimya:

1. "Land Rover 109" si nguvu ya injini. Ni inchi 109, kama sentimita 277, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

2. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, muda mfupi baada ya vita, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu, isiyoshika kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, kwa hiyo inama uitazame chini kabla hujaisifia.

3. Peugeot ina sifa yake Afrika Mashariki. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404.

Maonyesho yenyewe yako wapi?

Huku kwetu hayajazoeleka. Nairobi kuna Concours d'Elegance, iliyoanza mwaka 1970. Pale majaji hawaangalii bei ya gari, wanaangalia lilivyotunzwa: usafi, rangi, injini, hata chini ya uvungu. Arusha nako, Oktoba 2024, wenye Land Rover walikusanyika kwa tamasha lao kutoka sehemu mbalimbali.

Ukiangalia kwa makini, hakuna kitu pale ambacho wilaya haiwezi. Kinachohitajika ni uwanja wa mpira, ndoo za maji, na wazee walio tayari kusimulia.

Kwa nini uharakishe?

Kwa sababu mkweche ukizima siku ya mwisho, anayefika wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu. Anapima kwa kilo, analipa, anakata. Hakuna anayeuliza gari lile lilipeleka wajawazito wangapi hospitali, lilibeba mahindi ya nani, au lilivukaje tope kabla ya lami kufika. Mzee naye akiondoka, habari zote zimekwisha.

Kwa hiyo siku hiyo ya 6 msipige picha ya gari peke yake. Mwekeni mwenye gari mbele yake, muulizeni alilipata mwaka gani na safari gani hataisahau, mumrekodi kwa simu. Dakika 10 zinatosha. Kisha mtumieni yeye au wanawe nakula.

Siku ya 7: Nyumbani

Rudini mapema, pitieni sokoni mchukue ndizi za watoto. Na lile swali la "tutatoka lini" litakuwa limetulia, angalau hadi kiangazi kijacho.