Nyumba ya mama Karungu na fundi wa rangi: jinsi ya kulipa bila kujuta

Uko kazini Nairobi, simu inaita. Ni fundi wa rangi. "Boss, rangi imeisha. Ongeza tu elfu tano tumalize sebule." Unashangaa, kwa sababu wiki jana ulimtumia pesa yote, ya rangi na ya kazi. Unampigia mama. Mama anajibu polepole: "Mwanangu, huyo kijana sijamwona tangu Jumatatu. Ameacha ngazi peke yake hapa nje."

Kama una wazazi Karungu, ama mahali pengine popote mbali na unapofanya kazi, huenda simu kama hiyo si ngeni kwako. Wengi waliolelewa kando ya ghuba ile ya Ziwa Victoria, kule Kaunti ya Migori, sasa wako Nairobi, Kisumu, Mombasa, na hata nje ya nchi. Pesa inafika nyumbani kwa sekunde chache. Lakini kazi haiendi kwa mwendo wa pesa, na hapo ndipo watu huumia.

Leo tuangalie hilo: utampataje fundi wa kuaminika wa kupaka nyumba ya zamani, na utamlipaje kwa simu ili pesa ifuate kazi, si kazi ifuate pesa.

Nyumba ya zamani si ukuta mpya

Nyumba nyingi za zamani vijijini zina kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, ama matofali, na paa la mabati. Plasta imepasuka hapa na pale. Unyevu unapanda kutoka chini, kwa hivyo rangi inavimba na kubanduka karibu na sakafu. Mabati yameanza kushika kutu.

Fundi akifika na kupaka rangi mpya juu ya hayo yote, nyumba itapendeza Krismasi. Mvua ndefu za Machi zikija, rangi inaanza kutoka kama maganda. Pesa imekwenda, na mama amebaki na ukuta mbaya kuliko wa kwanza.

Kazi ya kweli kwenye nyumba ya zamani iko kabla ya rangi: kukwangua rangi iliyolegea, kuziba nyufa, kupiga msasa, kuacha ukuta ukauke, kupaka prima, ndipo rangi yenyewe mikono miwili. Mabati yenye kutu yanasuguliwa kwa brashi ya waya, kisha yanapakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. Na kama unyevu unatoka chini, muulize fundi atafanya nini kuhusu maji yanayosimama karibu na msingi. Akikwambia "rangi itaziba," huyo mwache.

Jambo moja la afya. Rangi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto ndio huumia zaidi. Kwa hivyo ukuta wa zamani uloweshwe kwanza ndipo ukwanguliwe, vumbi lisipeperuke, na wajukuu wakae mbali mpaka pafagiliwe na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Mchague fundi kwa kazi yake

Usiulize tu, "Unafanya kwa pesa ngapi?" Uliza, "Ni nyumba gani ulipaka miaka miwili iliyopita?" Kisha mtume ndugu yako aliye karibu, pale Sori ama kijijini, aende akaione. Rangi ya wiki mbili haikuambii kitu, kila rangi mpya inang'aa. Rangi iliyopitia mvua mbili tatu ndiyo ushahidi. Na ukimpata mwenye nyumba hiyo, muulize mambo matatu: alimaliza? Alimaliza kwa wakati? Aliomba pesa ya ziada katikati?

Cheti cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kinasaidia kujua fundi alipimwa ufundi wake. Lakini wako mafundi wazuri waliofunzwa na baba zao, hawana cheti chochote. Nyumba walizopaka zitawasemea.

Fundi mzuri pia hakupi bei kwa simu bila kuona nyumba. Anakuja, anapima, anagonga plasta kusikia kama iko wazi ndani, ndipo anakwambia.

Tenganisha pesa ya rangi na pesa ya fundi

Hili ndilo kosa kubwa tunaloliona: pesa yote kwenda kwa mtu mmoja, kwa pamoja. Usichanganye.

Rangi na vifaa, lipa duka moja kwa moja. Fundi akupe orodha, wewe upigie duka la vifaa vya ujenzi, uulize bei, kisha ulipe kwa nambari ya till ya duka. Ukilipa kwa till, mara nyingi mnunuzi hakatwi ada. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea: je, ni jina la duka? Ukiambiwa "till imeharibika, tuma kwa nambari hii yangu," subiri. Piga duka kwanza.

Orodha yenyewe unaweza kuihakiki kwa hesabu ndogo. Tuseme nyumba ina vyumba vinne, kila kimoja mita 3 kwa 3.5, na ukuta una urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Mzunguko wa chumba ni mita 13. Zidisha kwa 2.7, unapata kama mita 35 za mraba. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 31. Vyumba vinne ni karibu mita 125 za mraba, na mikono miwili ni 250. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliotayarishwa vizuri. Kwa hivyo unahitaji kama lita 25: debe moja la lita 20 na makopo mawili ya lita 4, na kidogo kinabaki. Ukuta wa zamani hunywa rangi zaidi, sawa, ongeza kiasi. Lakini fundi akiandika madebe matatu kwa vyumba hivyo, una haki ya kuuliza ya tatu ni ya nini.

Rangi ikifika, aliye nyumbani aangalie alama ya KEBS kwenye debe. Chini yake kuna nambari ya kibali. Andika meseji SM# ikifuatwa na nambari hiyo, tuma kwa 20023, utajibiwa kama bidhaa imeidhinishwa.

Gawanya malipo ya kazi kwa hatua

Tuseme mmekubaliana elfu kumi na tano za kazi. Usitume elfu kumi na tano. Kubalianeni hivi, kwa mfano:

- 3,000 siku fundi anapofika na vifaa vyake na kuanza kazi.
- 4,500 kuta zikishakwanguliwa, nyufa zikazibwa na prima kupakwa.
- 4,500 mkono wa pili ukimalizika ndani na nje.
- 3,000 wiki moja baadaye, baada ya kurekebisha madoa na kusafisha sakafu.

Hatua ya pili ndiyo ya kuangalia sana, kwa sababu baada ya rangi kupakwa huwezi tena kujua kama msasa ulipigwa. Omba video ya WhatsApp mchana, si picha moja. Afadhali zaidi, awepo mtu wa nyumbani unayemwamini ambaye atasema "lipa" ama "bado". Mama asiachiwe mzigo huo peke yake. Ni vigumu kwa mzee kumkatalia kijana anayemwita "mama" kila asubuhi na kunywa chai yake.

Utasema kutuma mara nne kuna makato zaidi ya kutuma mara moja. Ni kweli. Linganisha makato hayo na elfu kumi na tano zilizopotea, halafu uamue.

Meseji ni risiti, itunze

Kabla ya shilingi ya kwanza, mwandikie fundi meseji moja: kazi ni hii, bei ni hii, hatua ni hizi, mwisho ni tarehe hii. Akijibu "sawa", mmeshaandikiana mkataba mdogo. Mtumie pesa kwa nambari hiyo hiyo yenye jina lake, si ya "ndugu yangu". Usifute meseji za malipo. Kila moja ina tarehe, kiasi, jina na nambari ya muamala.

Na hapa tuseme ukweli ambao wengi hawaujui. Huduma ya kurudishiwa pesa iko kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa mtu usiyemkusudia, mathalani umekosea tarakimu moja. Hapo tujulishe mara moja. Lakini ukimtumia fundi uliyemkusudia, kisha asimalize kazi, huo si muamala uliokosewa. Ni deni kati yenu wawili. Hatuwezi kuingia kwenye akaunti yake na kuichukua kwa sababu ukuta haukupakwa vizuri. Ndiyo maana tunasisitiza hatua: ulinzi wako uko kabla ya kubonyeza tuma.

Mambo yakiharibika, anzia kwa mzee wa kijiji ama chifu, ukiwa na meseji zako mkononi. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Zile meseji ndizo zitakuwa ushahidi wako.

Na wewe fundi, hili ni lako pia

Mafundi nao ni wateja wetu, na wanaumizwa vilevile. Kazi imeisha, mwenye nyumba anasema "nitatuma jioni", na jioni haifiki. Kwa hivyo malipo ya hatua yanakulinda na wewe: hutawahi kudai zaidi ya hatua moja. Ukipata meseji ya malipo, angalia salio lako kabla ya kushukuru, kwa sababu meseji ya uongo ni rahisi kuandika. Mtu akilipa halali kisha akaomba arudishiwe akidai alikosea, tupigie utueleze na ututumie makubaliano yenu. Na weka picha za kazi zako za zamani kwenye simu, zenye tarehe. Hizo ndizo cheti chako.

Kabla hujabonyeza tuma

Jiulize maswali manne. Nimeona kazi yake ya zamani? Pesa ya rangi inaenda dukani moja kwa moja? Hatua hii imemalizika, na kuna mtu ameiona kwa macho? Jina kwenye skrini ni lake?

Ukijibu ndiyo mara nne, tuma. Desemba ukishuka kwenye matatu pale Sori, utakuta mama ameketi barazani, mgongo wake umeegemea ukuta uliokauka, na rangi haijamshika nguo.