Jibu la "subiri" lisimnyime mtoto usingizi

Katikati ya Desemba simu yangu ililia saa tisa na nusu usiku. Sisi wa kazi ya utabibu tukisikia simu saa hizo huruka kitandani tukijua kuna mgonjwa. Kumbe alikuwa dada yangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ambako ilikuwa ndiyo kwanza saa moja na nusu jioni. Analia. "Mdogo wangu, mtoto hajakubaliwa wala hajakataliwa. Wamemweka tu!"

Wengi wetu huku tumezoea kuomba chuo baada ya matokeo ya kidato cha sita. Kule kijana huomba akiwa bado yumo mwaka wa mwisho wa sekondari, na vyuo vingi vina milango miwili. Upo udahili wa mapema, ambao maombi yake mara nyingi hufungwa Novemba 1 na kujibiwa katikati ya Desemba. Kisha upo wa kawaida, ambao maombi yake mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari na majibu hutoka hadi mwisho wa Machi. Aliyeomba mapema anaweza kupewa jibu la tatu, kwamba faili lake limehamishiwa kwenye kundi la kawaida, likasomwe tena pamoja na ya wengine. Hilo ndilo lililompata mpwa wangu.

Aliyekataliwa hulia siku mbili tatu, akafuta machozi na kugeukia chuo kingine. Aliyeambiwa asubiri hajui alie au atumaini, na hali hiyo inaweza kudumu zaidi ya miezi mitatu. Mwili nao haujui kwamba hii ni habari ya karatasi tu. Ukiwa na hofu humwaga homoni za adrenalini na kotisoli kana kwamba kuna hatari mlangoni: moyo huenda mbio, misuli ya shingo hukaza, tumbo huvurugika. Hofu ya saa moja haina madhara makubwa. Ya wiki nyingi huleta maumivu ya kichwa, kiungulia, hasira za ghafla, na zaidi ya yote hukata usingizi.

Siku ya nne dada alipiga tena. Mtoto hali, anasema tumbo linamchoma. Mama mtu alishaamua kuwa ni vidonda vya tumbo, na nyuma yake kuna kijicho cha mtu. Alitaka nimtafutie shekhe wa kumsomea. Sikumkataza kisomo; nimekaa madrasa miaka mingi, najua nafasi ya dua. Nilimuuliza swali moja tu: mtoto analala saa ngapi? Hakujua. Alipochunguza akakuta binti yuko macho hadi saa tisa usiku, simu mkononi, akisoma wenzake waliokubaliwa wanavyofurahi. Asubuhi anakunywa kahawa ili aende shule, na jioni nyingine ili afanye kazi za shule.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu, kwa hiyo kahawa ya saa kumi jioni bado imo mwilini saa tatu usiku. Na tumbo tupu linalotiwa kahawa litachoma hata kama halina kidonda! Nilimwambia dada simu ya binti ilale sebuleni, na ya mama pia, maana mtoto hatakubali sheria ya upande mmoja. Kahawa iishie adhuhuri. Chakula kidogo kidogo, hata uji, mradi asikae tumbo tupu. Tumbo likiendelea kuuma, akapimwe.

Tuje kwa wazazi, ambao mara nyingine ndio huongeza ugonjwa. Mwaka nilioomba chuo cha utabibu, jina langu halikutoka awamu ya kwanza. Marehemu baba alikuwa akiniuliza kila baada ya Isha, "Vipi, wamesema?" Nia yake ilikuwa njema, Allah amrehemu, lakini nilifika mahali nikawa nachelewa msikitini makusudi ili nimkute amelala. Basi chagueni siku moja ya wiki ya kuzungumzia chuo, siku nyingine mzungumze mengine. Mashangazi wakiuliza, mama ajibu mwenyewe: majibu bado. Na tafadhali, msimwambie mtoto kwamba amecheleweshwa kwa sababu ya swala ya alfajiri aliyoikosa. Hilo halijui isipokuwa Allah.

Subira tuliyofundishwa si kukaa na kukunja mikono. Ngamia hufungwa kwanza. Kwa huyu binti, kamba zilikuwa chache: amalize maombi ya vyuo vingine kabla ya Januari 1, shule itume alama zake za nusu mwaka, aandike barua fupi kueleza kwamba bado anakitaka chuo kile, na jambo gani jipya amefanya tangu Novemba. Asome vizuri maelekezo, kwa sababu chuo kama MIT kina fomu yake maalumu ya taarifa hizo mwezi Februari. Na kama aliomba kwa ule mpango unaomfunga mtu kwenda chuo hicho akikubaliwa, kwa kawaida kuahirishwa kunamfungua. Yuko huru kuchagua kwingine. Akishatuma, asiendelee kupiga simu chuoni.

Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia kati ya Februari na Machi, ndani ya kungoja huku. Anayekunywa kahawa sana akiacha ghafla siku ya kwanza ya mfungo, kichwa kitamuuma. Apunguze wiki moja kabla. Usingizi uliokatwa na daku alipe kwa kulala mapema au mchana kidogo.

Lakini ziko dalili zisizongojea Machi. Kijana akiwa na huzuni, au akipoteza hamu ya kila alichokipenda, kwa wiki mbili mfululizo, aonwe na daktari. Akisema heri asingekuwapo, msimkemee kwamba ana upungufu wa imani. Kaeni naye, asiachwe peke yake, mtafute msaada siku hiyo hiyo. Marekani tangu Julai 2022 ipo namba 988, hupigwa bure saa zote, na Kanada wanayo tangu Novemba 2023. Nilimuuliza mpwa wangu jambo hilo waziwazi kwa simu. Akanijibu, "Hapana mjomba, nimechoka tu." Nilishusha pumzi.

Juzi dada alipiga saa mbili asubuhi, kwao usiku wa manane. Barua imeshatumwa, chuo bado hakijajibu. Nikauliza binti yuko wapi. Amelala tangu saa nne, akasema, na sasa asiyepata usingizi ni yeye.