Kibanda cha bugali sokoni Ntoto

Mgeni akifika Ntoto kutoka Goma huwa amekwisha kuchoka. Amepita Sake, amepanda milima ya Masisi, ameteleza na pikipiki kwenye matope baada ya Nyabiondo, na sasa anataka sahani ya chakula upesi apate kuendelea na safari yake ya Walikale. Anaingia kibandani kwa mama muuza bugali. Hapewi karatasi ya bei, hana meza yake peke yake, tena chakula hakiji mpaka asalimiane na aliowakuta. Akirudi mjini husimulia kwamba watu wa huku hawajui biashara. Maneno hayo nimeyasikia kwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada na kwa waandishi wa habari. Siku hizi nayasikia hata kwa vijana wetu waliosoma Goma, na hilo ndilo linaloniuma. Nitawajibu.

Kwanza watazame kilichomo sahanini. Ntoto iko pale Masisi inapokutana na Walikale, malisho ya milimani yakiishia na msitu ukianza. Kutoka juu hushuka maharagi, viazi na fromaji. Kutoka msituni huja mafuta ya ngazi (mawese), bitoke, mihogo na mchele. Vyote hukutana katika chungu cha yule mama. Maharagi ya Masisi huwa mekundu kwa mafuta ya Walikale, na mtu wa milimani hula muhogo usioipenda baridi ya kwao. Anayelalamika kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, imechelewa, basi na ajue kwamba jani la muhogo lina sumu. Hutwangwa kinuni likalainika, likachemshwa muda mrefu, ndipo likatiwa mafuta na pilipili. Mama anayekupakulia sombe ya haraka hakupendi. Kwa mwenye njaa isiyosubiri kuna bitumbura (maandazi) na chai pale nje, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba bitumbura vimechelewa.

Halafu kunawa. Desturi yetu ni kunawishana. Kijana, au mtoto wa mwenye kibanda, hushika jagi kwa mkono wa kulia na beseni kwa wa kushoto, akaanza na mzee, akamfuata mgeni, akaendelea mpaka mwisho wa benchi. Maji hutiririka juu ya mikono, hakuna anayechovya vidole katika maji ya mwenziwe, tofauti na walivyoandika wageni wengine. Kijana huinama kidogo, na mzee humwombea heri au humuuliza yeye ni mtoto wa nani. Watoto wengi wa huku walijulikana na wazee wa vijiji vya mbali kwa njia hiyo tu. Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha Juni 2020. Ndoo zenye bomba na maji ya klorini zikawekwa milangoni, kila mtu akanawa mwenyewe. Siilaumu ndoo, maana iliokoa watu. Lakini ugonjwa uliondoka na ndoo ikabaki, na katika vibanda vingi jagi halikurudi. Mzee huingia, hunawa akiwa amewapa watu mgongo, hukaa. Hakuna aliyemuuliza habari. Hilo ninalililia, na silionei haya.

Wanyanga, watu wa huku, wameimba habari za adabu ya mgeni na mwenyeji tangu kale. Mwaka 1956 mwimbaji Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa shujaa Mwindo, ambao Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo akishuka kuzimu kwa Muisa, Kahindo binti wa Muisa humfundisha mapema namna ya kujibu atakapopewa kiti, atakapopewa pombe ya ndizi, atakapopewa chakula. Maisha ya shujaa yanategemea majibu hayo. Watu wenye utendi wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba hawajui kukaribisha.

Mgeni huuliza pia kwa nini mama anataka kujua unatoka wapi kabla ya kupakua, kwa nini chupa lazima ifunguliwe mbele ya macho yako, kwa nini wengine huonja mchuzi kwanza wao wenyewe. Hapa siwezi kusema nusu. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko hili hili la Ntoto, yakaenea Masisi na Walikale, na maelfu ya watu wakafa, wengine wakiuawa na majirani waliokuwa wakinunuliana chumvi. Baada ya hapo vita havikutuacha. Hofu ya karuho, sumu ya kutiwa katika chakula au kinywaji, inajulikana Kivu nzima. Kwa hiyo kukubali kula kutoka mkono wa mtu wa kabila lingine, ubavuni mwa mtu usiyemjua, ni jambo ambalo watu wa hapa walilazimika kulianza upya, sahani kwa sahani. Kuonja mbele ya mteja ni mama kusema kwamba hana neno nawe. Anayekula akikuona umesimama atakuambia karibu. Ukikaa ukamega tonge moja, hata kama umeshiba, umemjibu. Ukikataa bila neno, benchi zima hunyamaza. Semina za amani zimeletwa nyingi kwetu, na sikatai manufaa yake, ila sijaona iliyofanya kazi ya benchi lile.



Deni la kibandani nalo nalitetea. Mama huandika jina daftarini na hasemi kitu mbele ya watu. Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na benki zake zikafungwa, noti zilikuwa shida, na kuna waliokula kwa sababu tu walijulikana kibandani. Mteja asiyesalimia angeandikwa kwa jina gani?

Nyinyi vijana mnaotaka kufungua resto zenye viti vya plastiki na muziki, fungueni. Bandikeni bei ukutani, sioni ubaya. Wekeni ndoo ya maji mlangoni. Lakini wekeni pia benchi moja refu, na mtoto mwenye jagi wa kuwanawisha wazee, na chupa zote zifunguliwe mezani mbele ya mnywaji.