Mtoto Haongezeki? Huenda ni Ngano

Tukitembelea nyumba tunaweza kukuta mtoto anayekula vizuri lakini haongezeki: tumbo limefura, anahara kila mara, amepungukiwa damu. Mara nyingi ni minyoo au lishe duni. Lakini watoto wachache wana ugonjwa wa siliaki. Gluteni, yaani protini iliyo ndani ya ngano na shayiri, hufanya mwili wao uharibu utumbo mwembamba, basi chakula hakiwajengi.

Dawa yake ni chakula tu. Miaka ya 1940, daktari Mholanzi Willem Dicke alionyesha kwamba watoto hawa wakiachishwa ngano hupata nafuu. Uzito hurudi kwa miezi michache. Urefu huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Anayeanza mapema huwafikia wenzake kwa urahisi.

Tusimwachishe ngano kabla ya kupimwa hospitalini, maana kipimo kinaweza kudanganya. Akithibitishwa, chapati, mandazi na mkate ni mwiko maisha yake yote. Nyanya naye asimhurumie na kipande siku ya sherehe! Ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, viazi na maharagwe ale ashibe. Mahindi yake yasisagwe kwenye mashini inayosaga ngano.

Tumpeleke kliniki apimwe uzito na urefu. Kadi yake ndiyo itakayotuambia kama anakua.