Neema imetimia, moyo haujatulia

Yupo mtu ana kazi ya heshima, nyumba ameezeka, watoto wanasoma, naye kila akilala hujihisi mtupu asijue kwa nini. Akimweleza mkewe huambiwa amekosa shukurani. Pengine ni kweli. Lakini tusimhukumu haraka, kwani yalimfika aliye bora kuliko sisi.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliteuliwa mwaka 1091 na waziri Nidham al-Mulk kufundisha katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 33 hivi, na mbele yake wakiketi wanafunzi 300. Katika zama zile ni wanazuoni wachache mno waliofikia cheo hicho.

Mwaka 1095 (488 Hijria) aliipekua nia yake. Amesimulia mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal kwamba aliikuta haikuwa safi kwa ajili ya Allah, bali ilisukumwa na jaha na sifa. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo akiazimia kuondoka, kesho akighairi. Kisha ulimi ukafungwa: akitaka kusomesha, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni.

Ndipo akagawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, akaelekea Sham. Hilo la watoto tunalitilia mkazo, maana wapo wanaokisikia kisa hiki wakadhani uchamungu ni kuitelekeza familia. Huko Dimishki alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Baada ya kuhiji, anasema, wito wa watoto ulimrejesha nyumbani.

Wengi hukomea hapo, kana kwamba dawa ilikuwa kuacha kazi. Sivyo. Mwaka 1106 alirudi kusomesha, safari hii Nishapur. Ni kazi ile ile iliyomfunga ulimi, ila mwenyewe hakukubali kwamba amerudi alikotoka: zamani, anaeleza, aliwafundisha watu elimu ya kuchumia jaha, na sasa anawaita kwenye elimu ya kuiacha. Aliifanya kwa miaka michache tu, akarejea kwao Tus, alikofariki mwaka 1111.