Filamu ya Lancia na Audi: Palipo na steringi mmoja, ushindani hufa

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MTAZAMAJI wa filamu katika mabanda ya video ya Bariadi, kama mwenzake wa Mwanza au Dar es Salaam, huuliza mambo mawili kabla hajakaa vizuri kwenye benchi: nani steringi, na nani adui?

Majibu yakishapatikana, filamu huenda vizuri. Lakini ziko hadithi za kweli ambazo haziwezi kusimuliwa kwa kipimo hicho, na mojawapo ni ile ya mbio za magari za mwaka 1983 kati ya Lancia ya Italia na Audi ya Ujerumani.

Hadithi hiyo ndiyo iliyobebwa na filamu ya “Race for Glory: Audi vs. Lancia”, iliyoongozwa na Mwitaliano Stefano Mordini na kuingia katika majumba ya sinema mwaka 2024.

Riccardo Scamarcio anaigiza kama Cesare Fiorio, mkuu wa timu ya Lancia. Daniel Brühl ni Roland Gumpert, mkuu wa timu ya Audi, na Volker Bruch ni dereva Walter Röhrl, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara mbili, mwaka 1980 na 1982.

Jina la filamu linataja pande mbili. Hata hivyo, anayeitazama hadi mwisho anatoka akiwa ameujua upande mmoja tu, na hapo ndipo penye kasoro yake kubwa.

Ili kuelewa kilichopotea, ni vema kwanza kujua kilichokuwa kikigombewa.

Audi walikuwa na gari la Quattro, ambalo injini yake ilisukuma magurudumu yote manne. Lancia 037 lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Mkazi wa Meatu au Itilima hahitaji mhandisi wa kumweleza tofauti hiyo. Mvua za masika zikilowesha udongo mweusi wa mbugani, gari la kusukumwa nyuma huzungusha matairi na kuzama, wakati lile la magurudumu manne hujikokota likapita.

Kwa hiyo, katika theluji, matope na changarawe, Audi walikuwa na kila sababu ya kushinda. Lancia walikuwa na gari jepesi, madereva hodari, na Fiorio, mtu aliyezijua kanuni kwa kiasi cha kuona matundu yake.

Visa vyake vinasimuliwa hadi leo. Inaelezwa kuwa wakaguzi walipokwenda kuhesabu magari 200 yaliyotakiwa na kanuni, Lancia walikuwa na karibu nusu yake tu. Wakaguzi wakaonyeshwa yaliyokuwapo, wakapelekwa kula chakula cha mchana, na walipopelekwa kwenye uwanja wa pili walionyeshwa magari yale yale yaliyokuwa yamehamishwa.

Aidha, inasimuliwa kuwa katika mbio za Monte Carlo za mwaka huo, barabara zilimwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke na Quattro ipoteze faida yake. Röhrl alishinda mbio hizo.

Filamu inavifurahia visa hivi, na haki yake. Tatizo ni kwamba Fiorio amefanywa steringi na Audi wakafanywa adui asiye na sura. Gumpert anaonekana kwa vipande vipande, na mtazamaji haelezwi vya kutosha anachokiogopa wala anachokitaka.

Ukweli wa mwaka 1983 ulikuwa na uzito sawa pande zote. Katika mashindano 12 ya ubingwa wa dunia, Lancia walishinda 5 na Audi walishinda 5. Yaliyobaki mawili yalichukuliwa na Opel na Toyota.

Lancia walijihakikishia ubingwa wa watengenezaji huko Sanremo, nyumbani kwao Italia, ambako magari yao yalishika nafasi tatu za kwanza. Hesabu za mwisho zilikuwa pointi 118 kwa 116. Ubingwa wa madereva, kwa upande wake, ulikwenda kwa Hannu Mikkola wa Audi.

Ni kusema kwamba kila upande ulirudi nyumbani na kombe moja. Hadithi yenye mwisho wa namna hiyo haina adui.

Moja ya mashindano hayo 12 lilifanyika jirani yetu, nchini Kenya. Katika Safari Rally ya mwaka 1983, Ari Vatanen wa Opel alishika nafasi ya kwanza, Mikkola akawa wa pili, na Mfaransa Michèle Mouton, pia wa Audi, akawa wa tatu. Timu ya kiwanda ya Lancia haikuja.

Mouton peke yake angetosha kwa filamu nzima. Mwaka 1981 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda shindano la ubingwa wa dunia wa mbio hizo, na mwaka uliofuata alimaliza wa pili nyuma ya Röhrl.

Kwamba jambo hili linawezekana kulifanya vizuri kulionekana mwaka 2013, kwa filamu ya “Rush” iliyohusu langalanga ya mwaka 1976. Humo James Hunt na Niki Lauda wote wawili ni steringi. Mtazamaji anamwonea huruma Lauda aliyeungua Nürburgring, na bado anafurahi Hunt anapotwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi moja.

Lauda huyo aliigizwa na Daniel Brühl, yule yule ambaye katika filamu ya Mordini hakupewa nafasi ya kutosha.

Watu wa Simiyu wanaijua kanuni hii bila kufundishwa na sinema. Tangu karne ya 19, ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika watani wa jadi wawili: Wagika, wanaomtaja Ngika kuwa mwanzilishi wao, na Wagalu, wanaomtaja Gumha.

Baada ya mavuno, makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kundi moja likiondoka, lililobaki halina wa kumshinda. Mgika anamhitaji Mgalu ili ushindi wake uwe na maana.

Funzo hilo linawahusu pia watengenezaji wa filamu wa hapa kwetu, kwa kuwa Afrika Mashariki ina hadithi zake za magari zinazosubiri kusimuliwa.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya njia zake kubaki ndani ya Kenya katika miaka ya 1970. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania kupitia Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa nchini, akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1968 magari 93 yalianza na 7 tu yakamaliza.

Joginder alifariki dunia mwaka 2013, na walioshuhudia mbio hizo wakiwa watoto pembezoni mwa barabara sasa ni wazee. Atakayeamua kuitengeneza filamu hiyo hana muda mwingi wa kuwasikiliza.

Akiwafikia, awasikilize wa pande zote mbili. Lancia na Audi walipewa filamu yenye majina yao wote, ikasimulia ya mmoja.